Fumbo Ambalo Mwalimu Laban Alikataa Kulitia Sahihi

Tunayemzika leo, Mwalimu Laban Mbithi Maundu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Kathiani, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maundu na Mama Mutanu. Mimi Onesmus ndiye mdogo wake, na nimeonywa nisome polepole.

Alisomea Kathiani, kisha akaenda chuo cha ualimu. Kuanzia 1974 alifundisha hesabu Kangundo hadi alipostaafu mwaka 2001. Alimwoa Nduku Desemba 1977, wakajaliwa Lenny na Wendy.

Mwaka 1996 alinunua kompyuta kuukuu, akaiandikia programu ya kutunga mafumbo ya sataranji: kete zinapangwa ubaoni, nawe utafute jinsi nyeupe zitakavyoshinda kwa hatua mbili. Mengi hayakuwa na ladha. Lililompendeza alilipanga mezani, na mgeni hakugusa chai kabla hajajaribu. Mchungaji wetu hapa aliinywa ikiwa baridi.

Moja lilikuwa tamu ajabu, akatamani sana lichapishwe. Mhariri wa jarida moja la Nairobi alilikubali, ila alidai jina la mtu, si la mashine. Laban akakataa. Shemeji Nduku alimsihi, "Baba Lenny, si uweke lako tu? Kwani kompyuta italalamika?"

"Programu niliiandika mimi," akajibu. "Fumbo sikulitunga."

Wee, huyo mtu alikuwa mgumu! Miaka ikapita hivyo hivyo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2003. Alipolazwa hospitalini Machakos, Lenny, akitaka babake afurahi angali hai, alilituma lile fumbo kwa mhariri kwa jina la Laban. Likachapishwa. Tukampelekea jarida kitandani, tumejaa furaha. Alilitazama kwa muda, akaomba kalamu, akalikata jina lake kwa mstari mmoja.

"Asante, mwanangu," akamwambia Lenny. "Lakini hili si langu."

Iliniuma, maana hatukuwa na kitu kingine cha kumpa. Alifariki tarehe 14 Agosti 2004, asubuhi, Nduku akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wake Lenny na Wendy, wajukuu, nami nduguye. Fumbo lenyewe limechapwa nyuma ya kijitabu hiki. Chini yake Lenny ameandika kwa mkono wake: "Limetungwa na kompyuta."

Pumzika salama, kaka. Haya niliyosoma yote ni yako.