Aling Ciana na Mchele Mweupe

Marehemu Potenciana Lacanilao, ambaye mtaa mzima ulimwita kwa heshima Aling Ciana, yaani Bi Ciana, alizaliwa tarehe 19 Mei 1883 hapa hapa Tondo, Manila, akiwa kitinda mimba wa fundi viatu. Masista wa parokia walimfundisha kusoma. Kuandika aliacha njiani, na lawama zote alimtupia sista mmoja mpenda fimbo.

Tangu usichana wake alisokota sigara kiwandani, na vidole vyake vilikwenda kasi kuliko ulimi wake, jambo ambalo aliyewahi kuongea naye haamini kuwa linawezekana.

Tarehe 8 Februari 1904 alifunga ndoa na Eleuterio Batungbakal, kuli wa bandarini, aliyempenda kupita kiasi. Kila mkewe alipojifungua, alimnunulia mchele mweupe kuliko wote sokoni, na akamkataza mboga na matunda, kama mila yetu inavyotaka. Pumba alipewa nguruwe, akanenepa.

Gaudencio, Paz, Honorato na Ligaya walizaliwa wazima, wakanyonya vizuri. Kila mmoja alipokaribia miezi miwili alikaukiwa sauti, akawa analia bila kusikika, kisha akafa. Jirani yao Aling Tecla, aliyekula mchele mwekundu wa kutwanga nyumbani kwa kukosa uwezo, alikuwa na watoto tele uani. Nani angeelewa? Mama mkwe hakuficha: "Ciana, maziwa yako yana kitu." Aling Ciana aliombewa, akakandwa, akahamishwa hata chumba. Sisi ndugu tulikuwa gizani kama yeye.

Rufina alizaliwa mwaka 1914. Sauti yake ilipoanza kupotea, daktari wa zahanati alimpa matone ya dawa ya kahawia, na haukupita muda akalia mpaka majirani wakaja kutazama. Aling Ciana aliuliza dawa hiyo imetokana na nini.

"Pumba za mchele, mama."

Alicheka, akidhani anataniwa. Daktari alimweleza kwamba mchele ukikobolewa sana hupoteza kitu ambacho mama hukihitaji ili maziwa yake yamjenge mtoto.

"Kwa hiyo ni maziwa yangu?"

Daktari akajibu ndiyo, halafu akasema hapana, kosa si lake. Jibu hilo alihangaika nalo maisha yake yote. Eleuterio, tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 1929, alinunua mchele mwekundu tu.

Kifua kikuu kilimlaza Aling Ciana Machi 1937. Adhuhuri ya tarehe 12 Novemba alimshika Rufina mkono.

"Wewe ulinyonya kwa nani?"

"Kwako, Inay. Miaka miwili."

"Na hukufa?"

"Sikufa, Inay."

Alimtazama kama mtu asiyesadiki, na jioni hiyo akakata roho.

Ameacha binti, mkwe na wajukuu watatu. Anawafuata Eleuterio na wale wanne. Tunaomba tu apumzike, asiulize tena kuhusu maziwa yake.