Stovu ya Ajit

Kwenye treni ya kutoka Thika, wasichana wawili waliketi mbele yangu wakigombana. Nilifumba macho, maana bibi mzee kama mimi, cucu, akisinzia watu hawapunguzi sauti.

Zubeida na Mehak walikuwa wamepanga kwenda Nepal kupanda milima ya Himalaya, kwa njia isiyojulikana sana, wakilala kwa nyumba za wanakijiji wanaouza chai. Sasa baba yake Mehak amesema haendi bila binamu yake, Ajit.

"Hatakusumbua," Mehak akasema. "Hata anabeba stovu yake na unga wa chapati."

"Stovu!" Zubeida akawaka. "Si nilikuambia kule kitanda ni karibu bure kwa sababu unakula kwa mwenye nyumba? Hicho chakula ndicho riziki yake! Mgeni akija kwenu awashe jiko lake hapo mlangoni, utamwitaje?"

Mimi ningemwita shemeji yangu, maana ndivyo afanyavyo akija kwangu, lakini nilikuwa nimelala.

"Tumbo lake ni laini, Zubeida, chakula kigeni humuumiza."

"Ni yeye mzima laini! Pale maporomoko ya Chania alipanda ngazi kidogo tu akaketi kuitisha soda. Chagua, yeye ama mimi."

"Bila yeye baba haniachilii! Na nikishaolewa, nani ataniruhusu tena?"

Treni ikasimama Ruiru. Zubeida akanyakua begi lake, akashuka bila kwaheri. Mimi pia nilikuwa nishukie hapo, lakini Mehak alikuwa anampigia Ajit, na simu ilikuwa inaita.