Cheti cha Yemeni

MWANAMINA: Haloo! Duka la Badawy, Kaloleni. Nani wewe?

BADAWY: Asalaam aleikum, da Mwanamina. Ni mimi.

MWANAMINA: Mimi nani? Akina mimi ni wengi.

BADAWY: Badawy! Mdogo wako! Niko Mombasa, kibanda cha simu, shilingi zaniishia—

MWANAMINA: Waaleikum salaam, shekhe. Bidhaa wapata?

BADAWY: Wachana na bidhaa. Ile barua ya watu wa damu imefika?

MWANAMINA: Imefika asubuhi. Mwanao Fawaz ameisoma mara mbili. Ya pili akicheka.

BADAWY: Acheka nini? Wametaja Hadhramauti, kwetu Yemeni?

MWANAMINA: Wametaja Kameruni.

BADAWY: (krrr) Haloo? Laini mbovu. Ka... nini?

MWANAMINA: Kameruni. Wale wa mpira.

BADAWY: Audhubillahi!

MWANAMINA: Ngoja, utamu waja. Wasema kuna kitu ndani ya damu, mwanamume hukirithi kwa babake, naye kwa babake, kwa mwanamke hakipiti hata siku moja. Chako kilianzia pande hizo, maelfu ya miaka, kikaja na watu wakilima wakihama, wakilima wakihama, mpaka huku kwetu.

BADAWY: Sisi? Tangu lini tukashika jembe?

MWANAMINA: Nami nashangaa. Wewe hata mchicha wa uani ulikufia.

BADAWY: Wamechanganya chupa hao!

MWANAMINA: Chupa yako uliiandika jina kwa mkono wako. Na nani aliyewafuata wale watafiti mpaka Mraru, awabembeleze wamtoboe? "Nataka cheti cha Uarabu, nimwonyeshe yule Mtaita anayemposa binti yangu Nasima." Ukamburura na mposaji mwenyewe, Mwandawiro, naye atobolewe, ili tofauti ionekane. Haya, wameitafuta.

BADAWY: Na?

MWANAMINA: Hawakuiona. Chako na chake kimoja. Babu mmoja, huko nyuma.

BADAWY: Astaghfirullah, astaghfirullah, astaghfi—

MWANAMINA: Haloo? Wachoma shilingi bure.

BADAWY: Basi... basi imekwisha! Ni ndugu hao! Hao Wataita, Wadawida, hawaoani ukoo mmoja, ni mwiko. Waambie wazee wake—

MWANAMINA: Alaa! Mara hii ushakuwa Mdawida? Barua haijamaliza hata siku!

BADAWY: Nasema mila—

MWANAMINA: Mila ipi, Badawy? Mkeo ni nani wako? Si binti wa ami Sufian, au arusi ile niliiota? Na Nasima miaka mitatu wamwimbia, "Huolewi ila na mtoto wa ami." Mungu kakuletea mtoto wa ami. Mwalimu, kasilimu, aswali kukushinda wewe. Wataka na mkia?

BADAWY: Da, usinicheke. Ile shajara ya ukoo, majina ya mababu pale ukutani... baba aliishika siku anakata roho. "Badawy, nasaba. Usiiwache nasaba." Sasa niiteremshe? Niweke kalenda?

MWANAMINA: Usiiteremshe. Labda Yemeni ilipitia kwa mama zetu. Sisi wanawake kwenye shajara hatumo, na barua hii nayo haikutuuliza. (krrr) Wanisikia?

BADAWY: Nakusikia.

MWANAMINA: Binti yako amekonda. Alfajiri nimemkuta alia juu ya msala, hakujua nimesimama mlangoni. Mimi nakufanyia mzaha, ndugu yangu, lakini lile limeniuma.

BADAWY: Yuko wapi sasa?

MWANAMINA: Jikoni. Wazee wa Mwandawiro wako barazani tangu saa nne, wametoka Makwasinyi na mbuzi wao. Si uliwaahidi jibu leo?

BADAWY: Barua... wameijua?

MWANAMINA: Fawaz amewasomea. Wapongezana. Hawakujua wana jamaa Mwarabu.

BADAWY: Lahaula. (tii, tii) Da, hiyo ndiyo shilingi ya mwisho—

MWANAMINA: Nimwambie nini mtoto? Badawy! Ndiyo au la?

BADAWY: Mwambie... mwambie babake—

(tuu, tuu, tuu)

MWANAMINA: Haloo? Haloo? ...Nasima! Njoo, mama. Babako amesema ndiyo. ...Naam, kwa mdomo wake mwenyewe. Futa machozi, wazee wangoja.