Koti la Hakimu

Benchi letu liko pale konani, kati ya kibanda cha fundi viatu na birika la Bi Kahawa. Fundi viatu ndiye Hakimu wetu. Miaka tisa iliyopita alivaa koti jeusi siku ya mvua, akaamua ugomvi wa drafti, tukambandika jina hilo kwa utani. Tangu hapo mtaa mzima humletea kesi. Asubuhi hiyo nilimkuta kashika mkasi, koti liko mapajani.

— Nalikata, nipate soli za ndani, alisema. Jana mjukuu wangu kaniuliza nilisomea wapi uhakimu. Kumbe miaka yote nawadanganya watu.

— Hujamdanganya mtu, akasema Kamusi, karani mstaafu. Uhakimu ni makubaliano. Hata Jumatatu ni makubaliano tu. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana haiji kabla ya Jumapili.

— Methali hiyo inahusu nini hapo? akauliza Bi Kahawa.

— Inahusu Jumatatu.

— Basi tukubaliane hapa kwamba mimi sijaoa, akadakia Mbishi, ambaye hupinga hata salamu. Nikitoka hapa, kapera.

— Mkeo hayumo kikaoni.

— Wengi wape, Bi Kahawa. Sisi watano, yeye mmoja.

— Nenda kampelekee matokeo.

Tulicheka sote, isipokuwa Hakimu. Alikuwa anatafuta pa kuanzia kukata.

Akaja binti tusiyemjua.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mama na mama mdogo waliacha kusemezana kwa ajili ya cherehani ya bibi. Hakimu wa hapa akawapangia: mmoja ashone asubuhi, mwingine jioni. Wakawa wanakutana mlangoni wakipokezana. Jana wamekula sahani moja. Wamenituma nije nimshukuru. Ni yupi?

— Hapa hakuna hakimu, mwanangu, akasema mwenyewe. Mimi fundi viatu tu.

Binti akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa aliyewapatanisha mama zangu ni nani?

Bi Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa tone moja.

Hakimu akaweka mkasi chini. Akavaa koti lake, na jua la saa nne lilivyokuwa kali, akafunga vifungo vyote.

— Waambie nimepokea, nami nawashukuru.

Kisha akatugeukia, macho yamelowa.

— Nanyi asanteni. Mlinipa jina kubwa kuliko mimi, mkanivumilia mpaka likanienea.