Banda la Boti Lenye Mapazia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja mbishi kweli kweli, mkaguzi wa ufukwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rangi. Ametutoka juma lililopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Mama Rangi alikuwa na kopo la rangi nyekundu, brashi, na sheria moja kichwani. Hatua sitini kutoka pale maji yanapofika yakijaa, ardhi ni ya umma. Narudia: hatua sitini, ni ya umma. Si yako, si yangu, na haruhusiwi mtu kujenga nyumba ya kuishi. Akikuta nyumba ndani ya hizo hatua, anachora X ukutani, alama ya kubomolewa, anafunga kopo, anakuaga kwa adabu.

Siku moja hatua zake zilimfikisha mlangoni kwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani. Hatua arobaini na nne. Alirudi akahesabu upya, akitamani miguu imdanganye. Arobaini na nne.

"Dada, hata mimi?"

"Hata wewe, mdogo wangu. Nikikuruka wewe, jirani nitamtazama kwa macho gani?"

Nyumba ile ikabomolewa, pamoja na nyingine kumi na moja. Lakini ukuta kwa ukuta na fundi cherehani palikuwa na jumba la ghorofa mbili la mfanyabiashara mmoja, lenye geti la chuma na bustani iliyoziba njia ya kwenda majini. Hatua thelathini tu! Nalo lilikuwa na X. Tingatinga lilifika pale likageuza. Kesho yake X ikapakwa chokaa.

Mdogo mtu akamwambia, "Kumbe X yako inajua kuchagua, dada." Neno hilo lilimchoma Mama Rangi. Miaka miwili ndugu hao hawakukaa meza moja.

Hapo ndipo alipokaza uzi. Akachora tena, wakapaka chokaa. Akachora, wakapaka. Mara tisa, wasikilizaji wapendwa. Mara tisa! Alipokwenda kwa mkuu wake wa kazi, mkuu alimsogezea faili bila kuinua macho. Kwenye faili, lile jumba liliandikwa "banda la boti, kwa matumizi ya umma". Na banda la boti linaruhusiwa ufukweni.

"Banda lenye mapazia, mkuu?"

"Mama, faili ndivyo linavyosema."

Mwingine angemeza mate akaenda zake. Yeye aliomba nakala yenye muhuri, akastaafu nayo mkobani.

Jumatatu moja asubuhi akaazima boti mbovu, inayovuja, akaipandisha kwenye mkokoteni, akaisukuma mpaka kwenye lile geti. Mlinzi alitoa macho.

"Mama, unataka nini?"

"Nimeleta boti. Banda la umma si ndilo hili? Nionyeshe pa kuiweka, mwanangu, mgongo unaniuma."

Mlinzi alicheka mpaka akashikilia geti. Hakufungua. Kesho yake majirani wakaleta boti nne. Kufikia Jumamosi zilikuwa kumi na saba, na gari la mwenye jumba halina pa kupita. Mambo yakafika baraza la ardhi, watu wamejaa mpaka madirishani. Mama Rangi akaweka nakala yake mezani, akauliza swali moja tu. Kama ni banda, mbona boti zinalala barabarani?

Mfanyabiashara akavumilia, akavumilia, kisha akapiga meza. "Ziingie wapi? Hii ni nyumba yangu! Naishi humu na watoto wangu!"

Karani akaandika, neno kwa neno.

"Asante, baba," Mama Rangi akasema. "Hicho ndicho nilichokuwa nachora."

Jumba likaondoka. Njia ikafunguka. Fundi cherehani anatuambia, "Dada alinishika mkono, tukapita pale palipokuwa na geti, mpaka majini. Mimi ndiye niliyelia."

Msidhani yameisha. Yamebaki majumba mawili, nayo kwenye faili ni mabanda. Alikuwa anayafuatilia ugonjwa ulipomlaza. Siku ya mwisho aliuliza kama rangi imeganda koponi.

Tunawapa pole wanawe, majirani zake, na zaidi wewe, mdogo wake. Nilimuuliza mdogo wake huyo kopo liko wapi sasa. Akanijibu, "Jana nililichukua, nikaenda. Mkono wangu umezoea sindano, X imepinda kidogo. Lakini inasomeka."

Nasi tujiulize tumepita mara ngapi tukafumba macho. Leo ukifika ufukweni, anzia pale maji yanapofika yakijaa, uhesabu. Ukikuta ukuta kabla ya sitini, gonga geti. Uliza banda la boti liko wapi.