Shangazi wa Maabara na Kompyuta Namba Kumi na Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja, maabara ya kompyuta ya chuo chetu imefunguliwa na mkono mmoja. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkono huo unakabidhi funguo. Wanafunzi tunamwita Shangazi. Hata mkuu wa chuo humwita hivyo akijisahau.

Alianza kama mpiga chapa, wakati kompyuta zilikuwa mbili, zimefunikwa vitambaa kama maharusi. Leo ziko ishirini na sita, na anazijua kwa tabia: ipi mvivu kuamka, ipi ina hasira za joto. Ni yeye aliyeng'ang'ania mpaka tukaruhusiwa kuziingia kwa mtandao tukiwa nyumbani, kila mmoja na namba yake, maana programu ya kuchora majengo si mchezo. Laptopu yangu, niliyorithi kwa kaka, ikijaribu kuifungua hunguruma kama mashine ya kusaga, kisha hukata roho.

Basi likizo nzima tulifanya kazi hivyo: sisi majumbani, kila mtu peke yake; yeye maabarani na viti vitupu, vishale vya kipanya vikitembea kwenye vioo vya kompyuta bila mtu mbele yake. Mgeni angetimua mbio.

Sheria ilikuwa moja. Ukimaliza, bonyeza Ondoka, usibonyeze Zima. Ukizima, huwezi kuiwasha ukiwa mbali. Lazima mtu aende akaiwashe kwa kidole.

Mimi nikazima. Mchoro wangu wa zahanati, mtihani wa mwisho, ulikuwa humo, na ulitakiwa saa kumi. Ilikuwa saa nane. Nami ni yule ambaye kupiga simu humtoa jasho. Niliandika kwanza maneno ya kusema kwenye karatasi. Shangazi akapokea, nikabaki napumua tu.

"Wewe unayepumua," akasema, "umezima, sivyo? Nitajie namba, mengine najua."

"Kumi na nne."

Nikasikia ndala zake zikivuka chumba kizima, kiti kikisogezwa, kisha mlio wa kuwaka. "Haya mwanangu, ingia. Na zahanati yako ikijengwa, uwe wa kwanza kutibiwa hiyo aibu."

Nilifaulu. Ila naungama hapa, kwa kuwa kuandika ni rahisi kuliko kusema: nyumbani kwetu mchana hakuna mtu. Baada ya siku ile nilizima mara tatu kwa makusudi, nipate tu kusikia mtu akitembea kwa ajili yangu.

Muhula uliopita Shangazi alikiondoa kitufe cha Zima kwenye kompyuta zote, kwa sababu ya watu kama mimi. Wenzangu wamenionyesha: kwao hakipo. Kwenye namba kumi na nne kipo mpaka leo.

Shangazi, darasa zima la uchoraji linakushukuru. Staafu salama, uishi siku nyingi zenye watu. Ijumaa nitakuja mbele mwenyewe kukupa mkono, na safari hii nitaongea.