Shangazi wa Breki na Jina Walilolichafua

Mpendwa wetu, ambaye gereji nzima ilimwita Shangazi wa Breki, alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1965, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mkunga. Alikuja kabla ya wakati, mdogo kama ngumi, na majirani wakanong'ona kwamba hatafika Jumapili. Alifika, na hakuwahi kuwasamehe kwa kunong'ona.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1979 na sekondari mwaka 1983. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha ufundi, darasa la magari, msichana pekee. Mwalimu wa zamu alidhani amepotea njia, akamwonyesha mlango wa darasa la ushonaji. Marehemu alimjibu, "Mwalimu, sindano inanichoma. Spana hainichomi." Alihitimu mwaka 1986.

Januari 1987 aliajiriwa katika gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, na breki zikawa kazi yake. Mteja akilalamika kwamba usukani unatetemeka, marehemu hakukimbilia spana. Aliketi kiti cha abiria, akamwambia aendeshe, akauliza, "Unatetemeka muda wote, au ukikanyaga breki tu?" Kama ni muda wote, alitazama matairi. Kama ni kwenye breki tu, alifungua magurudumu ya mbele na kupima diski, sahani ya chuma inayobanwa na pedi za breki, maana diski isiyo sawa huzigonga pedi hizo kila inapozunguka, na kishindo hicho hupanda hadi viganjani mwa dereva. Kabla ya kufunga diski mpya alisugua kutu kwenye kitovu cha gurudumu mpaka chuma kikang'aa. Nati alizikaza kwa kukingamanisha, hii kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, kwa nguvu sawa. "Nati ni kama watoto," alisema. "Ukimbana mmoja ukamdekeza mwingine, nyumba inapinda."

Ni usukani uliomletea mume. Fundi cherehani mmoja alikuja na gari la kaka yake, likatengenezwa, likapona. Wiki iliyofuata akarudi. Marehemu akalijaribu barabarani, akaliona zima kama yai.

"Kaka, gari hili lina nini leo?"

"Gari halina kitu, dada. Ni mimi tu, nimeshindwa kukaa nyumbani."

"Basi shuka, umenipotezea mafuta," alisema, lakini alikuwa anacheka. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992, na wakajaliwa binti wawili.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya ndugu walitaka turuke. Walisema msiba si baraza la kesi. Mume wa marehemu akawajibu, "Huu ni wasifu wa mke wangu. Mkilitoa hili, mtakuwa mnamzika mtu mwingine." Kwa hiyo tunalisoma.

Mwezi Aprili 2016 marehemu alifunga diski mpya kwenye gari la mfanyabiashara wa mbao. Gari liliondoka limetulia. Mwezi Julai lilirudi linatetemeka, na mwenyewe akafoka mbele ya wateja wote: "Mwanamke na breki, wapi na wapi? Umenifungia vyuma chakavu!" Marehemu hakubishana. Alipandisha gari kwenye jeki. Nati moja ilifunguka kwa vidole. Nati ya jirani yake ilihitaji bomba refu juu ya mpini wa spana na uzito wa watu wawili. Akasema kwa upole, "Mzee, magurudumu haya yameguswa na mtu mwingine. Hivi sivyo ninavyokaza mimi. Diski imevutwa upande." Yule bwana akaapa kwamba gari halijaguswa na fundi mwingine yeyote. Mwenye gereji, kwa kuogopa kupoteza mteja mkubwa, akamwondoa marehemu kwenye breki, akamweka kumwaga oili. Mkono uliosimamisha magari ya nusu ya mji huu haukugusa tena breki ya mteja hadi alipostaafu mwaka 2020. Watu walimpita wakitabasamu pembeni. Kila jioni alirudi nyumbani akanawa mikono kwa muda mrefu, kana kwamba uchafu ulikuwa wake.

Mwaka 2021 aliugua ini. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kitandani. Alifariki asubuhi ya Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi, fundi wa matairi alikuja msibani, akakaa chini, akalia. Akasema ni yeye aliyebadilisha matairi ya gari lile mwezi Juni 2016, kwa haraka, nati moja baada ya jirani yake, kwa bomba. "Nilipopata habari za Shangazi, nilimwendea yule tajiri wa mbao mwaka uleule," alisema. "Nikamwambia kosa ni langu. Akanijibu, 'Yameshapita, usiyafufue.'"

Miaka saba! Yule bwana alijua kwa miaka saba, akilipita lango la gereji kila siku, na mama huyu akafa bila kuletewa neno moja ambalo lingemgharimu pumzi tu. Hilo halikuwa mapenzi ya Mungu. Lilikuwa mapenzi ya mtu.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na mafundi wengi aliowafundisha kuuliza kabla ya kufungua.

Mfanyabiashara wa mbao ametuma ujumbe kwamba atahudhuria mazishi na angependa kutoa salamu. Familia imempa nafasi. Ni sasa hivi, mara tu karatasi hii itakapokunjwa.

Lala kwa utulivu, Shangazi. Wenye makoleo wameombwa wasubiri.